Wadudu wa Mtoni ni Mashahidi wa Mtambo wa Kahawa

Msimu wa kahawa unapofika katika miteremko ya Kilimanjaro, baina ya Julai na Desemba, ni rahisi ugomvi wa zamani kuzuka kati ya wakaao juu ya mto na wakaao chini yake. Wa chini hulalamika kwamba maji yamegeuka rangi na yananuka. Wa juu hujibu kwamba mtambo wao wa kumenyea kahawa hauna kosa. Mtaalamu huitwa, naye hufika saa nne asubuhi, akachota chupa moja ya maji na kuipeleka maabara. Majibu yakirudi yanasema kwamba maji ni mazuri. Hapo wengi hushangaa, na wengine hunong'ona kuhusu rushwa, lakini mara nyingi jambo lenyewe halina siri. Wakulima huchuma matunda mchana, hufikisha kahawa mbivu chamani alasiri, mtambo hufanya kazi jioni, na maji machafu huteremka mtoni usiku. Chupa ya saa nne asubuhi imechota maji ya saa nne asubuhi, wala haina habari za usiku.

Wapo mashahidi wengine ambao usiku huo walikuwa pale pale mtoni. Hao ni wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, waishio chini ya mawe, ndani ya mchanga na katika mizizi ya majani ya kando: wadudu wachanga, kaa, konokono, ruba na minyoo. Wengi wao hukaa majini kwa wiki kadhaa, na baadhi kwa miezi mingi, kabla ya kuota mabawa na kuruka. Hawana uwezo wa kuukimbia mto kila unapochafuka. Kwa hiyo, anayeinua jiwe na kuwatazama haoni hali ya saa moja tu, bali huona hesabu ya majuma yaliyopita.

Ili ushahidi wao ueleweke, yafaa kwanza kujua ni nini hasa kinachotendeka maji ya kahawa yanapoingia mtoni. Maji hayo si sumu kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Yamejaa sukari na ute wa tunda, yaani chakula, na humo ndimo ilimo hatari. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huvamia chakula hicho, na katika kukila hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji yenye joto la nyuzi 20 hayabebi zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni katika kila lita. Lakini lita moja ya maji yaliyotoka katika hodhi ya kuchachushia kahawa yaweza kudai maelfu ya miligramu ili uchafu wake uozeshwe. Ni kusema kwamba lita moja ya maji ya hodhi yaweza kumaliza oksijeni ya mamia ya lita za mto. Mto nao hujirudishia hewa unapoporomoka juu ya mawe, na hii ni bahati kubwa ya mito ya milimani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msimu wa kumenya huangukia miezi ya kiangazi, mto ukiwa umepungua na mifereji ya kumwagilia ikiwa imekwisha kuchukua sehemu yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mito ya eneo la Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia, ulionyesha mwisho wa njia hiyo. Chini ya mitambo ya kahawa oksijeni ilikaribia kwisha kabisa wakati wa msimu, na jamii za wadudu waliohitaji maji safi zikatoweka.

Si wanyama wote wanaoathirika sawasawa, na hiyo ndiyo sababu wanafaa kuwa kipimo. Mdudu mchanga mwenye mikia miwili, bapa, atambaaye juu ya mawe ya maji yaendayo kasi, hupumua kwa manyoya mororo yaliyo kwenye mashina ya miguu yake. Oksijeni ikipungua kidogo tu, hufa yeye kwanza. Wanaomfuata ni wale wenye mikia mitatu, ambao matamvua yao yamepangwa ubavuni mwa tumbo na hupepea bila kukoma. Yuko pia funza ajijengeaye nyumba kwa chembe za mchanga au vipande vya majani, akaibeba kila aendako, pamoja na nduguye afumaye wavu mdogo baina ya mawe kwa ajili ya kutegea chakula. Upande wa pili wamo wanaostahimili. Viluwiluwi vya mbu havitegemei oksijeni ya majini, kwa sababu huvuta hewa juu ya uso wa maji, na kadhalika mbawakawa na kunguni wengi wa maji. Funza wekundu waishio katika tope wana rangi hiyo kwa sababu damu yao hushika oksijeni kama ishikavyo damu ya binadamu, hata pale ambapo oksijeni imebaki kidogo sana. Mahali ambapo jiwe likiinuliwa hupatikana funza wekundu tele na minyoo myembamba, bila mwenye mikia hata mmoja, hapo uchafu wa kuoza umekwisha kupita mara nyingi.

Lakini mashahidi hawa husema zaidi ya hayo, na hapa katibu wa chama anahitaji kuwa mwangalifu, maana si kila kosa ni la mtambo. Dawa za kuua wadudu zikioshwa kutoka katika bomba la kunyunyizia, au mkulima akisuuza bomba lake mferejini, dalili huwa tofauti. Maji hubaki maangavu, hayanuki, na wadudu wa kila aina hupungua kwa ghafla, pamoja na baadhi ya wale wastahimilivu. Dawa za mrututu zinazotumika kuzuia chulebuni na kutu ya majani huwadhuru sana konokono na jamii ya kaa. Ndiyo maana mrututu uliwahi kutumika hata kuulia konokono wa kichocho. Udongo uliomomonyoka mashambani nao huziba nafasi zilizo baina ya mawe, wakabaki tu wale wapendao tope. Maji maangavu yasiyo na kitu chochote chini ya mawe yanapaswa kuwatia watu wasiwasi zaidi kuliko maji ya rangi ya chai yaliyojaa viumbe.

Elimu hii si ngeni. Huko Ujerumani, Kolkwitz na Marsson walichapisha mwaka 1909 orodha ya wanyama wa majini wakiwapanga kwa jinsi wanavyostahimili uchafu. Katika miaka ya 1970 Waingereza walianza kuzipa jamii za wanyama hao alama za 1 hadi 10, na Afrika ya Kusini ikatengeneza mfumo wake katika miaka ya 1990. Kwa Tanzania, mfumo wa kupima mito ya nchi hii ulichapishwa mwaka 2015 na Kaaya, Day na Dallas, nao hujulikana kwa kifupi kama TARISS. Huo wahitaji mtu aliyefunzwa. Kwa wananchi wa kawaida, Afrika ya Kusini ilibuni mfumo mwepesi uitwao miniSASS, wenye makundi 13 tu, ambao hata watoto wa shule huutumia.

Katika mfumo huo mwepesi, mdudu wa mikia miwili hupewa alama 17, wa mikia mitatu alama 11, na mwenye nyumba ya mchanga alama 9. Kaa na uduvi hupewa 6, na vivyo hivyo kereng'ende wachanga wanene. Wale wembamba hupewa 4. Wako wadudu wadogo wa ukoo wa mikia mitatu waogeleao kama vidagaa, nao hupewa 5 tu, sawa na kunguni wa maji na mbawakawa. Konokono ni 4, mnyoo bapa 3. Nyungunyungu, ruba, na wachanga wa mbu, usubi na nzi hupewa 2. Haihesabiwi idadi ya wadudu, bali makundi yaliyoonekana. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa hesabu ya makundi. Tuseme juu ya mtambo yamepatikana makundi saba: wa mikia miwili, wa mikia mitatu, waogeleaji, wenye nyumba, kaa, kereng'ende wanene na wachanga wa usubi. Jumla ni 56, na wastani ni 8. Chini ya mtambo yamepatikana manne: konokono, nyungunyungu, ruba na funza wekundu, ambao ni wa kundi la nzi. Jumla ni 10, na wastani ni 2.5. Tofauti kama hiyo haihitaji mwanasheria wa kuifafanua.

Kosa ambalo ni rahisi kufanyika liko katika mikia. Baadhi ya waogeleaji wa alama 5 nao wana mikia miwili, na asiye mwangalifu ataupa mto alama 17 usizostahili. Njia ya kuwatofautisha ni kutazama ncha ya mguu kwa kioo cha kukuzia. Mwenye alama 17 ana kucha mbili katika kila mguu, hali wale wengine wana ukucha mmoja tu.

Vifaa vyenyewe havina gharama kubwa: wavu wenye matundu ya milimita moja hivi uliofungwa kwenye mpini, sinia jeupe, kioo cha kukuzia na buti. Mmoja hushika wavu mkabala na mkondo wa maji, na mwingine huyapekua mawe kwa mguu mbele yake kwa dakika tano. Majani ya kando na mchanga visisahauliwe. Buti si za urembo. Katika mifereji na mabwawa ya tambarare mna konokono waambukizao kichocho, na hakuna sababu ya katibu kuugua kwa ajili ya takwimu.

Ipo mipaka ya kuheshimiwa. Alama zilizotajwa zilipangwa kwa mito ya Afrika ya Kusini, na kijito kingine cha Kilimanjaro kinaweza kukosa mdudu wa mikia miwili kwa asili yake. Kwa hiyo chama kisiulinganishe mto wake na karatasi, bali kiulinganishe na mto huo huo juu ya mtambo, mahali penye mawe ya namna moja, kasi moja na kivuli kimoja. Tena, baada ya mvua kubwa wadudu huwa wamechukuliwa na mafuriko, na matokeo ya wiki hizo hayafai kumshtaki mtu.

Mito ya kusini ya Kilimanjaro humiminikia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko mto Pangani husafiri hadi bahari ya Hindi. Itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba ute wa kahawa wa Kibosho hufika baharini. Huwa umekwisha kuoza mbali sana na pwani. Sivyo ilivyo kwa madini na baadhi ya dawa, ambazo haziozi upesi. Kwa hayo pwani ina mashahidi wake: chaza, ambaye huchuja maji mengi kila siku na kuyahifadhi mwilini yale asiyoweza kuyatoa. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza viumbe wa jamii hiyo watumiwe kuchunguza fukwe za dunia, na tangu mwaka 1986 Marekani imekuwa na mpango wa kudumu wa namna hiyo.

Kwa chama cha msingi, faida ya kwanza ni kujijua mapema. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, yamtaka anayemwaga maji machafu mtoni awe na kibali, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ndiyo yenye mamlaka katika mito hii. Daftari la wadudu halichukui nafasi ya kibali wala ya maabara. Lakini chama chenye daftari la miaka mitatu kitajua kama shimo la maganda linavuja, kama kurudisha maji mtamboni mara ya pili kumesaidia, na kama lawama za jirani ni za haki. Itafaa pia chama cha chini kialikwe kushuhudia upimaji, maana sinia jeupe lililotazamwa na pande zote mbili hupunguza maneno mengi ya mkutano mkuu.

Ziara tatu kwa mwaka zatosha. Ya kwanza ni mwishoni mwa Juni, kabla mtambo haujafunguliwa. Ya pili ni Oktoba, kazi ikiwa imepamba moto. Ya tatu ni Februari, kabla ya masika kuanza. Hiyo ya tatu isiachwe. Aghalabu waogeleaji na wa mikia mitatu ndio hurudi kwanza, kwa kuwa huzaana upesi na huchukuliwa na maji kutoka juu. Wa mikia miwili hukawia. Ikiwa Februari hawajaonekana, na Juni tena hawajaonekana ilhali juu ya mtambo wapo, basi mto haujapona na msimu uliopita. Katibu aipeleke habari hiyo katika halmashauri kabla tarehe ya kufungua mtambo haijapangwa.