Ruzuku, Mkopo na Msamaha wa Kodi: Dhana ya Motisha ya Filamu Nachingwea na Ruangwa

Makala haya yanafafanua neno motisha, ambalo katika mijadala ya filamu nchini Tanzania hubebeshwa dhana tatu zisizofanana. Ruzuku hairejeshwi. Mkopo hurejeshwa hata filamu isipouzika. Msamaha wa kodi humfaa yule tu mwenye kodi ya kulipa, na mtayarishaji wa Nachingwea au Ruangwa, ambaye mtaji wake huenda ukatokana na korosho au ufuta, si rahisi awe miongoni mwao.

Hapo awali dola haikumhamasisha mtayarishaji, bali ilitayarisha filamu yenyewe. Muhogo Mchungu (1952), ambamo Rashidi Kawawa aliigiza, ilitokana na mpango wa serikali ya kikoloni. Na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa shirika la umma. Leo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hukopesha wasanii. Kuiita mikopo hiyo ruzuku ni kosa la kisemantiki, tena lenye gharama kwa anayedanganyika nalo.

Athari yake kwa lugha ni kubwa zaidi. Filamu ya Kimwera ina soko dogo. Mkopo, kwa kuwa lazima ulipwe, humsukuma mtungaji kwenye Kiswahili (jambo ambalo si baya kwa lenyewe). Ruzuku isingemlazimisha hivyo. Katuni nazo zina nafuu ya pekee: sauti hurekodiwa mbali na picha, kwa hiyo ngano moja ya Ruangwa yaweza kutolewa kwa Kimwera na kwa Kiswahili bila kuchorwa mara mbili.