Kigari au leso? Fikiri kabla hujatoa pesa

MSOMAJI, ikiwa umewahi kushuka gari pale Kombani, mahali barabara ya Kwale inapoachana na ile itokayo Likoni kwenda Ukunda na Lunga Lunga, unajua hali ilivyo. Ukitoka kwenye lami unakanyaga mchanga na changarawe. Bodaboda zimejipanga ubavu kwa ubavu, na kila matatu inayosimama humwaga abiria, magunia na kuku mahali pale pale. Njia ya mtu aendaye kwa miguu ni ile atakayojitafutia mwenyewe.

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipomwona mama mmoja kijana akiteremshiwa kigari cha mtoto. Ilikuwa karibu saa sita za mchana. Kigari kilikuwa kipya, cha rangi ya buluu, chenye magurudumu madogo mawili mawili kila pembe. Akamlaza mwanawe, ambaye kwa kumtazama hakuzidi miezi miwili, akatandaza leso juu ya kigari chote ili jua lisimpige mtoto, akaanza kusukuma. Hakufika mbali kabla magurudumu hayajazama. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza maembe akamwita.

"Mwanangu, hebu mfunue huyo mtoto."

"Jua, mama. Leo ni kali mno."

"Najua ni kali. Tia mkono humo ndani uone."

Yule kijana akatia mkono, akautoa upesi. Muda si muda mtoto alikuwa kifuani mwa mamake, kichwa kimefunikwa kwa kofia nyepesi, na kigari kimekunjwa na kubebwa na mwendeshaji bodaboda aliyejitolea.

Hatusemi haya kumcheka. Wazazi wengi wa mijini siku hizi huandaa kigari kabla ya mtoto kuzaliwa, kama wanavyoandaa beseni, nepi na chandarua. Wengine hukinunua kwa sababu wanakihitaji. Wengine, tuseme kweli, hukinunua kwa kuwa jirani anacho. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwanza: huyu mtoto nitampeleka wapi, na kwa njia gani?

Kigari kilibuniwa kwa ajili ya njia laini. Kile kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent kwa watoto wa mtawala mmoja tajiri, Duke wa Devonshire, nacho kilikokotwa na mnyama mdogo kama mbuzi katika bustani za jumba lake. Kile chepesi kinachojikunja kama mwavuli kilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege. Hakuna kati yao aliyekuwa akifikiria mchanga wa Kombani au kile kilima cha kupanda Kwale.

La ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1960, muuguzi mmoja Mmarekani aitwaye Ann Moore alikuwa akifanya kazi nchini Togo. Aliwaona akina mama wa huko wakiwabeba watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wametulia. Aliporudi kwao alitengeneza mfuko wa kubebea mtoto mwilini, na mwaka 1969 akapewa hataza yake. Leo mifuko ya namna hiyo inatuletea biashara hapa kwetu, kwa bei ambayo ungenunua leso kadhaa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mama wa Pwani aliyejifungua hukaa arubaini, mara nyingi nyumbani kwa mamake. Siku hizo mtoto hatoki sana. Arubaini ikikaribia kwisha, wiki ya sita inafika, na wiki ya sita ni ya kliniki. Kisha wiki ya 10, kisha ya 14. Hizo ndizo safari za lazima za chanjo katika miezi mitatu na nusu ya mwanzo, na katika zote tatu mtoto bado hajakaza shingo vizuri. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye duka si bei wala rangi. Muulize: je, hiki kinalala bapa kabisa?

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kubeba. Ukimketisha wima, au nusu wima, kichwa huanguka mbele na kidevu kikagusa kifua. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, nayo hujikunja kama mrija wa soda uliopindwa. Hatalia wala hatapigana, kwa maana mtoto anayekosa hewa namna hiyo huonekana amelala tu. Hii ndiyo sababu vigari vingi vyepesi vya kukunja huandikwa kuwa ni vya mtoto wa kuanzia miezi 6. Wengi hatusomi kijikaratasi hicho. Kisome. Ikiwa kigari hakilali bapa, basi kwa safari zako za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hakina kazi, na utakuwa umenunua kitu cha kukaa nyuma ya mlango.

Jambo la pili ni joto, na hapa ningeomba msomaji asiharakishe. Ni desturi yetu kumfunika mtoto leso akiwa ndani ya kigari, awe amekingwa na jua, vumbi na macho ya watu. Nia ni njema. Lakini mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi lilifanya jaribio. Kigari kisichofunikwa kilipima nyuzi 22 ndani. Kilipofunikwa kwa kitambaa chepesi kilifika nyuzi 34 kwa nusu saa, na baada ya saa moja nyuzi 37. Hiyo ni Uswidi, nchi ya baridi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walipima tena kwa uangalifu zaidi siku za joto, wakaona kwamba kitambaa kikavu juu ya kigari huongeza joto la ndani kwa zaidi ya nyuzi 2 wakilinganisha na kukiacha wazi. Kitambaa kilicholoweshwa maji, kikisaidiwa na feni ndogo, kilipunguza joto kwa karibu nyuzi 5.

Usikimbilie hicho cha maji, hata hivyo. Maji hupoza yanapokauka, na katika hewa nzito ya Pwani, siku ambayo hata nguo kwenye kamba hazitaki kukauka, faida yake ni ndogo. Mtoto mchanga naye hana uwezo mkubwa wa kujipoza, wala hawezi kujifunua. Njia iliyo bora ni rahisi zaidi: toka asubuhi mapema, au jioni jua likipoa, tumia kipaa cha kigari chenyewe au mwavuli, upepo upite pande zote, mvishe nguo moja nyepesi. Mguse shingo kwa nyuma kila baada ya dakika chache, maana mikono na miguu hudanganya. Jioni mbu wakianza, tandaza chandarua, kwa kuwa kina matundu na hewa hupita. Leso haina matundu.

Baada ya hayo, mengine ni ya kukagua kwa mkono na jicho. Kwa njia zetu tafuta magurudumu makubwa, ikiwezekana ya kutiwa upepo. Vile vigurudumu vidogo vya plastiki ni vya sakafu ya duka kubwa. Mikanda iwe ya sehemu tano, yaani mabega mawili, kiuno pande mbili na katikati ya miguu. Bila huo wa katikati mtoto huteleza chini akanaswa shingo. Breki ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja. Ijaribu dukani kwa kusukuma kwa nguvu, ukikumbuka ule mteremko wa kuingia feri ya Likoni, watu wanapokusukuma kutoka nyuma na wewe mkono mmoja umeshika mkoba. Na huo mkoba usiutundike kwenye mpini. Ukimtoa mtoto tu, kigari hupinduka kwa nyuma. Ukiwa hujamtoa, hupinduka naye.

Wengi tunanunua vya mitumba, na hakuna aibu. Lakini kikunjue na kukikunja mara tano mbele ya muuzaji. Ile komeo inayozuia kisijikunje chenyewe ishike kwa kishindo kila mara. Tazama bawaba. Mwaka 2009 vigari vya Maclaren vipatavyo milioni moja vilivyouzwa Marekani vilitakiwa kurekebishwa, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinakunjuliwa. Kampuni ilitoa vifuniko vya kuzuia hatari hiyo. Cha mitumba huenda hakikuwahi kufungwa. Kibandiko chenye maandishi EN 1888 maana yake ni kwamba kilitengenezwa kwa kufuata kanuni za Ulaya za usalama wa vigari. Kama kibandiko kimebanduliwa, jiulize kwa nini.

Na kama una uwezo wa kuchagua, chukua kinachomwelekeza mtoto kwako. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, mwaka 2008 uliona kwamba wazazi wanaotazamana na mtoto huzungumza naye mara mbili ya wale waliompa mgongo.

Je, leso haina hatari? Inayo, nasi tusijidanganye kwa kuwa ni ya kwetu. Mwaka 2010 wakuu wa usalama wa bidhaa Marekani walitoa onyo kuhusu mifuko ya kubebea watoto baada ya vifo 14 katika muda wa miaka 20 hivi, na chanzo ni kile kile tulichokitaja: kidevu kifuani, au uso umezama kwenye nguo. Kwa hiyo mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, wima, uso ukionekana na karibu kiasi cha kuweza kumbusu kichwani bila kuinama sana. Pawepo nafasi ya vidole viwili kati ya kidevu na kifua chake. Mgongoni asubiri mpaka shingo ikaze. Nyanya nyingi zitapinga hili na kusema wao waliwabeba mgongoni tangu wiki ya kwanza. Wasikilize kwa heshima, kisha mbebe mbele.

Leso huuzwa jozi, na kwa kazi hii zinahitajika zote mbili: moja ya kumfunga, nyingine ya kushikilia makalio asiteleze. Ifue kwanza. Leso mpya ina ugumu wa dukani na fundo lake hulegea. Magoti yawe juu kuliko makalio na mapaja yapanuke pande mbili kama chura. Usimnyooshe miguu na kuikaza pamoja. Hospitali moja ya mifupa mjini Blantyre, Malawi, iliwahudumia watoto zaidi ya 40,000 kati ya mwaka 2002 na 2012, na hakupatikana hata mmoja aliyehitaji kupasuliwa kwa ugonjwa wa nyonga zisizokaa sawa tangu kuzaliwa, ugonjwa ulio wa kawaida katika nchi nyingi za Ulaya. Madaktari hao walihisi kwamba desturi ya kubeba mgongoni ni sababu mojawapo, ingawa damu ya ukoo nayo ina nafasi yake. Na huko Montreal, Kanada, mwaka 1986, ilionekana kwamba watoto waliobebwa angalau saa tatu kwa siku, walipofikia wiki ya sita, walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao.

Lakini usipike ukiwa umembeba. Mafuta ya mahamri hayachagui. Na bodaboda, ndugu msomaji, mtoto akiwa amebanwa katikati yako na dereva, au ananing'inia mgongoni bila kinga yoyote, ni jambo ambalo leso haliwezi, wala haikukusudiwa. Lipa nauli ya matatu au tuktuk.

Kuna wanaohitaji kigari kwa kweli. Mama wa mapacha anakihitaji. Aliyepasuliwa akiwa bado hajapona, au mwenye maumivu ya mgongo, asijilazimishe kubeba. Anayeishi Nyali au Diani karibu na njia zilizosakafiwa atakitumia kila siku na kufaidi, na mtoto aliyefikisha mwaka, mwenye kilo kumi, si wa kuzurura naye mgongoni mchana kutwa. Kwa hao, pesa haikupotea.

Ila kwa wewe unayetarajia kujifungua mwezi ujao, na arubaini yako ni Kombani, hakuna haraka. Nunua jozi ya leso, uifue, umwombe mamako akufundishe kufunga kwa kutumia mto kabla mtoto hajafika. Kigari kingoje mpaka akae mwenyewe, na ukienda kukinunua, enda naye.