Kupona Saratani Utotoni: Yampasayo Kuyajua Mhudumu wa Zahanati

Mtoto anapomaliza matibabu ya saratani katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kurejea Mbwera au Salale, safari yake huishia katika boti, baina ya mikoko ya delta ya Rufiji. Tangu hapo, anayemwona kwanza akiugua si daktari bingwa, bali ni tabibu au muuguzi wa zahanati. Maandalizi ya mhudumu huyo ndiyo yanayoamua iwapo kupona kutadumu.

Miongoni mwa saratani za watoto zionekanazo sana Afrika Mashariki ni limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya au tumbo ulioelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Huhusiana na maambukizi ya malaria ya mara kwa mara, na huitikia dawa vizuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Kadiri wanaopona wanavyoongezeka, ndivyo kazi ya zahanati inavyoongezeka.

Dawa ziuazo seli za saratani hugusa pia viungo vizima, na madhara huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Doksorubisini huweza kudhoofisha misuli ya moyo; sisplatini huweza kudhuru usikivu na figo; siklofosfamaidi kwa dozi kubwa huweza kupunguza uwezo wa kuzaa.

Chukulia binti aliyepewa doksorubisini akiwa na miaka 7. Akiwa na miaka 20, mjamzito, anafika kliniki akihema na miguu imevimba. Asiyeijua historia yake atadhani ni upungufu wa damu, atampa vidonge vya madini ya chuma na kumruhusu. Anayeijua atausikiliza moyo, atapima shinikizo la damu na kumpa rufaa mapema, kabla maji hayajakupwa na boti kukwama.

Kwa hiyo, mafunzo hayana haja ya kumgeuza tabibu kuwa bingwa wa saratani. Yamjengee mazoea matatu.

Kwanza, kuuliza kwa faragha. Kijana huweza kuficha ugonjwa uliopita akihofia posa kuvunjika. Kovu la upasuaji au jicho bandia liwe sababu ya kuuliza kwa upole.

Pili, kusoma muhtasari wa matibabu: jina la ugonjwa, dawa na jumla ya dozi, mionzi na upasuaji. Hospitali iliyotibu ndiyo yenye wajibu wa kuuandika. Zahanati itunze nakala, kwa kuwa karatasi ya nyumbani hulowa au hupotea.

Tatu, kutambua dalili zisizosubiri: kuhema bila sababu, uvimbe mpya, au homa inayoendelea baada ya malaria kutibiwa.

Stethoskopu, kipimo cha shinikizo la damu na nambari ya simu ya wodi iliyomtibu mtoto vyatosha kuanzia. Kinachohitajika zaidi ni mhudumu anayejua ni swali gani la kuuliza.