Chombo Hakiendi Ila kwa Nyenzo: Kuliandaa Gari la Safari za Nyikani

Mara nyingi tukiona Land Rover au Land Cruiser likipita, kerieri imejaa jerikeni na gurudumu la spea limefungwa nyuma, tunapiga mluzi na kusema, "Hilo halikwami popote!" Lo! Huko ni kujidanganya. Gari kama hilo hukwama kama mengine, ila tu hukwama mbali zaidi, mahali ambapo hakuna makanika wa jua kali, hakuna duka la spea na pengine hakuna hata maji ya kunywa. Ndiyo maana wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nia ya makala haya ni kueleza nyenzo hizo ni zipi na kila moja ina kazi gani, maana nguvu za gari hukupeleka mbali, lakini matengenezo ndiyo hukurudisha nyumbani.

Tuchukue safari moja ya hapa kwetu iwe mfano. Kutoka Isiolo hadi Marsabit siku hizi ni lami tupu. Hata gari dogo la mjini linafika. Lakini ukiiacha lami ukaelekea Maikona, Kalacha na North Horr, kisha ukashuka hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, mambo hubadilika. Hapo unakutana na jangwa la Chalbi, mchanga, magadi na mawe meusi ya volkano. Jua ni kali, vijiji viko mbalimbali, na sehemu nyingi simu haishiki mtandao. Basi tuseme tunaliandaa gari la kwenda huko.

NI GARI GANI HILO?

Watu huliita "fowili", yaani gari la magurudumu manne. Utauliza, je, gari la mwalimu mkuu lina mangapi? Tofauti ni hii: katika magari mengi injini husukuma magurudumu mawili tu, na yale mengine mawili hufuata. Katika fowili, dereva anaweza kuamuru nguvu ziende mbele na nyuma kwa pamoja. Aidha, gari hili huwa na gia za ziada za mwendo wa polepole, ambazo hupunguza kasi na kuongeza nguvu, sawasawa na mtu anayepanda kilima kwa baiskeli ya gia.

Hata hivyo, kuna siri ambayo wengi hawaijui. Katika magari mengi ya aina hii, gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu za ekseli ile hukimbilia kwake, likazunguka bure huku mwenzake aliye chini akitulia tuli. Kwa hiyo gari la fowili linaweza kukwama kwa sababu ya magurudumu mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma. Tena, zile fowili ambazo dereva mwenyewe huchagua lini aunganishe magurudumu ya mbele, hazifai kuunganishwa kwenye lami kavu. Gari linapopiga kona, magurudumu ya mbele huenda masafa marefu kuliko ya nyuma, na kama hakuna utelezi wa kuyasaidia, meno ya gia huumia.

KABLA YA KUTOKA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukaguzi wa asubuhi moja nyumbani ni rahisi kuliko siku mbili za kungoja lori litakalopita au lisilopita.

Kwanza ni rejeta. Joto la injini hubebwa na maji, na rejeta ndiyo huyapoza. Tazama mipira yake: ikiwa imepasuka au imelegea kama mandazi ya jana, badilisha. Kagua mkanda wa feni, kisha chukua mwingine wa akiba. Kifuniko cha rejeta nacho si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Huweka shinikizo ndani, na maji yaliyoshinikizwa huchelewa kuchemka, kama tulivyosoma katika fizikia. Ndiyo sababu ukikifungua injini ikiwa moto, maji huruka ghafla na kukubabua uso. Zima gari, subiri lipoe. Haraka haraka haina baraka.

Pili ni kichungi cha hewa. Injini hupumua kama wewe na mimi, na vumbi likiingia ndani hukwangua vyuma kama msasa. Katika barabara za vumbi kichungi hiki huhitaji kutazamwa kila jioni na kukung'utwa. Wengine hufunga bomba refu la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Si la mapambo! Huko juu hewa ina vumbi kidogo, na wakati wa kuvuka mto husaidia injini isivute maji.

Tatu ni oili. Usipime ya injini peke yake. Gia na ekseli nazo zina oili yake. Pima mafuta ya breki pia, na kaza vyuma vya betri.

Nne ni springi na zile "shoku" zinazotuliza mrukoruko. Barabara ya murram huota vijituta vidogo vidogo mfululizo, na gari hutetemeka mchana kutwa hadi nati zinalegea zenyewe. Kwa hivyo kila jioni dereva mwerevu hulizunguka gari akiwa na spana mkononi, akianza na nati za magurudumu.

MAGURUDUMU NA UPEPO

Ukiniuliza ni kifaa gani cha maana kushinda vyote, nitasema ni tairi, pamoja na kipimo cha upepo na pampu. Tairi iliyojaa vizuri kwa lami, tuseme pauni 35, hugusa ardhi kwa sehemu ndogo. Kwenye mchanga sehemu hiyo ndogo huchimba shimo. Ukipunguza upepo hadi kama pauni 18 au 20, tairi hutandaa, uzito ule ule ukaenea mahali papana, na gari likaelea juu ya mchanga kama mguu wa ngamia. Hapa hakuna uchawi. Ni somo la shinikizo. Lakini kumbuka kuendesha polepole, na ukifika barabara ngumu ujaze upepo tena, la sivyo tairi itapata joto na kupasuka. Hiyo ndiyo kazi ya pampu.

Kwa njia ya mawe, chukua spea mbili badala ya moja, pamoja na vifaa vya kuziba pancha. Na jeki je? Jeki bila ubao ni bure, kwa sababu mchangani hujizamisha yenyewe badala ya kuliinua gari. Ubao mnene wa kuwekwa chini yake humaliza taabu hiyo.

MIZIGO

Hapa ndipo wengi hukosea, ati kwa sababu kerieri ni kubwa basi ijazwe! Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jerikeni tano za lita 20 ni kilo 100, bado hujahesabu spea na hema. Uzito huo ukiwekwa juu, kitovu cha uzito hupanda, na gari huwa jepesi kupinduka kwenye mteremko au kona. Vitu vizito vikae chini, katikati ya gari, vifungwe kwa kamba imara. Juu viende vyepesi: magodoro, turubai, mahema. Chupa au spana isiyofungwa hugeuka kombora gari likifunga breki ghafla.

Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa kila mtu kwa siku, na yale ya rejeta yawe kando. Yagawe katika jerikeni kadhaa, ili moja ikitoboka msipoteze yote. Ongeza sepetu, panga, tochi, sanduku la huduma ya kwanza, kizima-moto, waya na kamba ya kuvutia gari.

Kuhusu kamba hiyo, tafadhali sikiliza vizuri. Ifungwe kwenye kulabu zilizoungwa na fremu ya gari. Usiifunge kwenye kile kirungu cha chuma cha kukokotea trela. Kikikatika, huruka kama risasi, na watu wameshauawa namna hiyo. Wakati wa kuvuta, watazamaji wote wakae mbali, na blanketi au koti litandikwe katikati ya kamba ili ikikatika isiruke juu.

MCHANGA, TOPE NA MAJI

Ukianza kuzama mchangani, usikanyage mafuta kwa hasira. Kila mzunguko wa gurudumu ni kuchimba kaburi la gari. Simama, shuka, fukua kwa sepetu, punguza upepo, kisha toka polepole kwa kufuata alama zako mwenyewe.

Chalbi nayo ina hila. Wakati wa kiangazi uso wake ni mgumu na mweupe, unavutia kama uwanja wa ndege. Mvua ikinyesha, chini ya ngozi ile nyembamba huwa ni tope. Waulize wenyeji kwanza. Wafugaji wa huko wanaijua ardhi yao kuliko ramani yoyote.

Kisha kuna laga, yaani mito mikavu ya mchanga. Mbingu inaweza kuwa safi juu yako, kumbe mvua imenyesha milimani, na maji yakaja kwa ngurumo. Maji yaendayo kasi ya kina cha futi 2 yanaweza kulibeba gari, hata fowili. Subiri yapungue. Na kamwe usipige kambi ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni laini kuliko kitanda cha bweni. Ukishavuka maji, gusagusa breki zikauke. Baadaye tazama oili ya ekseli: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia na lazima ibadilishwe.

UUNGWANA WA SAFARI

Hapa Kenya yapo mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989. Mshindi si mwenye kasi, bali ni yule anayepita vituo vyote kwa masafa mafupi zaidi. Fedha zake zilisaidia kujenga ua wa umeme wa kama kilomita 400 kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka wa 2009. Funzo ni kwamba gari la porini linaweza kuitumikia pori. Katika mbuga za taifa usiache njia iliyowekwa, kwa maana alama za magurudumu kwenye nyasi na ardhi kavu hukaa muda mrefu. Takataka zako rudi nazo.

Mwisho, kabla ya kuondoka mwachie mtu karatasi yenye njia mtakayopita na siku ya kurejea. Gari likifa, msiliache mkaanza kutembea. Gari lina kivuli na maji, tena huonekana kwa mbali kuliko mtu. Waliobaki hutafutwa wakapatikana.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, huenda leo huna gari wala leseni. Lakini kesho utapanda la mjomba, la shule au la kazini. Kabla halijang'oa nanga, uliza kwa adabu: "Spea ina upepo? Maji ni lita ngapi?" Dereva mwema hatakasirika. Tahadhari kabla ya hatari.