Kumbukumbu za Uzeeni (3): Wasiwasi Unapomnyima Mzee Harusi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye amigdala, kile kijisehemu cha ubongo kilichopewa jina la lozi kwa umbo lake, na jirani yake hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini. Ya kwanza hulitia tukio chapa ya hisia. Ya pili hulifunga na mahali na wakati wake. Leo tuone wasiwasi unavyoziingilia kwa mtu mwenye umri mkubwa.

Wengi hudhani uzee ni msimu wa majuto. Mwaka 2003, huko Marekani, Susan Charles, Mara Mather na Laura Carstensen waliwaonyesha watu wa rika mbalimbali picha nzuri, mbaya na za kawaida tu, kisha wakawauliza walizozikumbuka. Wazee wa miaka 65 hadi 80 walikumbuka picha chache kuliko vijana, ila zilizowaponyoka zaidi ni zile mbaya. Carstensen hueleza hivi: anayeona muda wake umebaki kidogo huacha kuhangaikia kila kitu, akashika yanayomtuliza moyo.

Lakini kushika huko hakuji na mvi bure. Ni kazi. Mwaka 2005 Mather na Marisa Knight waliwapa wazee shughuli ya pili huku wakitazama picha. Umakini ulipogawanyika, upendeleo wa mazuri ukatoweka, na mabaya yakatangulia.

Na wasiwasi ni shughuli ya pili isiyo na likizo. Mzee anayesubiri majibu ya vipimo ameketi harusini kwa mjukuu wake. Anapiga makofi, lakini kichwani anauliza: wakisema ni sukari, nani atanipeleka kliniki? Mwezi mmoja baadaye muulize harusi ilikuwaje. Atakwambia umeme ulikatika na pilau lilichelewa. Bibi harusi alivaa nini, hajui. Nyumbani wataanza kunong'ona kwamba babu amekuwa mtu wa lawama, au kwamba ugonjwa wa kusahau umeanza. (Nikiri kuwa daraja hili nimelijenga mwenyewe: jaribio la 2005 lilihusu umakini uliogawanyika, si ugonjwa wa wasiwasi.)

Ipo njia nyingine, ya polepole. Hofu ya muda mrefu inaweza kuipandisha kotisoli, homoni ya mfadhaiko, na hipokampasi ina vipokezi vyake tele. Mwaka 1998 Sonia Lupien na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee kwa miaka kadhaa: ambao kotisoli yao ilipanda na kubaki juu walikuwa na hipokampasi ndogo zaidi, na kumbukumbu yao ilikuwa dhaifu zaidi.

Ninaloligombea kila mara ni vidonge. Mzee akilalamika hapati usingizi kwa mawazo, hutafutiwa diazepamu, na familia ikashukuru kwa kuwa nyumba imetulia. Dawa za kundi hilo zenyewe huzuia kumbukumbu mpya zisishike, tena huongeza hatari ya kuanguka; chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri ziepukwe kwa walio na miaka 65 na zaidi. Aliyekwisha kuzizoea asiziache ghafla, maana mwili unaweza kuingia degedege. Achukue pakiti yake aende nayo kwa daktari, na amweleze pia kinachomkosesha usingizi.

Wiki ijayo: usingizi wenyewe.