Je, Wajua? Marathoni Inayoanzia Juu ya Baiskeli

Mtu akikwambia anakwenda kukimbia marathoni, unamwelewa mara moja. Ni kilomita 42 na mita 195. Akimaliza anakaa chini, anapewa maji, anapigwa picha. Katika triathloni ndefu, ile inayojulikana duniani kwa jina la Ironman, marathoni hiyohiyo huja mwisho, baada ya mshiriki kuogelea kilomita 3.8 na kuendesha baiskeli kilomita 180. Katikati hakuna mapumziko. Saa inaendelea kuhesabu hata anapofunga kamba za viatu. Mimi huanza kuutazama mchezo huu kwa makini pale baiskeli zinapowekwa kando, kwa maana ndipo madeni yote ya asubuhi yanapodaiwa.

Je, wajua kwamba mashindano ya kwanza kabisa ya Ironman yaliamuliwa na kuishiwa maji? Ilikuwa tarehe 18 Februari 1978, kisiwa cha Oahu, Hawaii. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy walichukua mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani kila moja kwa wakati wake, yaani kuogelea Waikiki, baiskeli ya kuzunguka kisiwa na marathoni ya Honolulu, wakayafunga katika siku moja. Walianza watu 15, na kila mmoja alikuja na wasaidizi wake wa kumlisha na kumnywesha. John Dunbar, komando wa jeshi la majini, aliingia kwenye marathoni akiwa mbele ya wote. Njiani wasaidizi wake wakaishiwa maji, wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11 na dakika 46. Waliofika mwisho walikuwa 12.

Je, wajua kwa nini miguu hukataa kuamini kwamba imeshuka kwenye baiskeli? Kwa saa tano, sita, wengine hata saba, mapaja yamekuwa yakizungusha mduara mmoja, mgongo umeinama na nyonga zimekunjwa. Kisha ghafla miguu hiyohiyo inatakiwa kubeba uzito wote wa mwili na kupokea kishindo cha kila hatua. Dakika za mwanzo mtu huona kama anakimbia na miguu ya kuazima. Dawa yake ni zoezi ambalo wenzetu wanaozungumza Kiingereza wamelipa jina la tofali: unaendesha baiskeli, unaiegemeza ukutani, unabadili viatu na kutoka mbio bila kukaa. Mbio zenyewe si lazima ziwe ndefu. Mara nyingi dakika 15 hadi 30 zinatosha, mradi zoezi lirudiwe wiki baada ya wiki, mpaka mwili uzoee kupokea kazi ya pili bila kushtuka.

Lakini hatari kubwa ya dakika hizo za mwanzo ni kwenda kasi kupita kiasi. Mdundo wa pedeli hubaki mwilini: aliyekuwa akizungusha pedeli upesi hupiga hatua za upesi, na hukimbia kwa kasi kubwa kuliko anavyodhani. Hapo watu wamejaa kando ya barabara, wanamwita jina lililoandikwa kwenye namba yake, na mgongo umefurahi kunyooka. Alipanga kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 40. Saa ya mkononi inamwonyesha 4:50, naye anajiambia kwamba leo ni siku yake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa marathoni hii huwa mahali fulani baada ya kilomita ya 25. Ndiyo maana makocha wengi humwamuru mwanariadha aanze kilomita za kwanza polepole kuliko kasi aliyoipanga, hata kama anajisikia mwepesi. Hasa kama anajisikia mwepesi.

Kabla ya hapo kuna agizo jingine, na nadhani ndilo lenye uzito kuliko yote: usiimalize marathoni yako ukiwa bado kwenye baiskeli. Makocha wengi huwataka washiriki wa kawaida waendeshe kwa takribani asilimia 70 hadi 75 tu ya nguvu wanayoweza kuihimili kwa saa moja. Kwenye mlima, mtu anapopitwa na wenzake kumi kwa mpigo, agizo hilo huuma. Anayelivunja huokoa dakika tano au kumi kwenye baiskeli. Sasa tupige hesabu. Mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6 akichoka na kuanza kutembea, kila kilomita itamchukua kama dakika 10. Akitembea kilomita 10 tu za mwisho, amepoteza dakika 40.

Je, wajua kwamba kutembea kwa makusudi kunaweza kumfikisha mtu mapema? Vituo vya maji hupangwa kila baada ya kilomita moja na nusu hivi, na baadhi ya makocha huwafundisha wanafunzi wao kutembea katika kila kituo kuanzia cha kwanza, nusu dakika tu, wanywe na wale bila kujimwagia. Vituo 25 vikila nusu dakika kila kimoja, jumla ni dakika 12 na nusu. Linganisha na zile 40.

Je, wajua kwamba tumbo nalo hufanyishwa mazoezi? Misuli na ini la mtu mzima huweza kuhifadhi wanga wa takribani gramu 500, sawa na kalori 2,000 hivi. Triathloni ndefu huunguza zaidi ya kalori 7,000. Mafuta ya mwili huziba sehemu kubwa ya pengo hilo, lakini huungua polepole, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyodai sukari. Kwa hiyo lazima ale huku akienda. Tatizo ni kwamba wakati wa mbio damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na ngozi, utumbo ukabaki na damu kidogo, na juu ya hayo unatikiswa kila hatua. Chakula kilichopokelewa vizuri juu ya baiskeli hugeuka jiwe tumboni, au hurudi kilikotoka.

Wataalamu wa lishe waligundua jambo la kupendeza. Utumbo hupokea glukosi kupitia mlango mmoja, na mlango huo huelemewa kwenye gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi, ile sukari ya matunda, ina mlango wake mwingine. Ukizichanganya, unapitisha gramu 90 au zaidi kwa saa moja. Lakini mwili haukubali kiasi hicho siku ya kwanza. Mwanariadha hujizoesha kwa wiki nyingi, akila katikati ya mbio ndefu za mazoezi chakula kilekile atakachokila siku ya mashindano. Vituoni utakuta jeli za sukari, ndizi, machungwa, supu ya chumvi, na kola iliyoachwa wazi hadi gesi ikatoka. Kola hiyo imewafufua wengi katika kilomita za mwisho.

Je, wajua kwamba maji yakizidi huweza kuua? Mwaka 1985 daktari Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini waliandika ripoti iliyoshtua ulimwengu wa riadha: wakimbiaji wa masafa marefu walikuwa wakianguka kwa sababu wamekunywa maji mengi kuliko mwili ulivyoweza kuyatoa. Chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, mtu anachanganyikiwa na kupata degedege. Walio katika hatari zaidi ni wale wa polepole, kwa kuwa hukaa njiani saa nyingi na hupita vituo vingi wakinywa kila kimoja. Leo ushauri unaotolewa kwa wengi ni mwepesi: kunywa unaposikia kiu. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi.

Je, wajua kwamba bingwa mkubwa alijenga kasi yake kwa kupunguza mwendo? Mmarekani Mark Allen alikuwa na mbio kali, lakini huko Hawaii alishindwa mara sita. Aliyemtesa zaidi ni Dave Scott, bingwa wa mara sita. Allen akafuata mafunzo ya Phil Maffetone, aliyewafundisha wanariadha kukimbia kwa kutazama mapigo ya moyo: chukua 180, toa umri wako, usivuke hapo. Mwanzoni ilimbidi akimbie kwa mwendo wa aibu, kilomita kwa zaidi ya dakika tano, ili moyo usipite mapigo 155 kwa dakika. Alivumilia. Miezi ikapita, na kwa mapigo yaleyale 155 akawa anakimbia kasi ambayo wengi huiita kasi ya mashindano.

Oktoba 1989, katika mashindano hayo ya Hawaii, safari hii mjini Kona, kisiwa kikubwa cha Hawaii, yeye na Scott walikwenda bega kwa bega tangu majini. Kwa saa nane kasoro dakika chache hakuna aliyemwacha mwenzake. Walipofika kilima cha mwisho, zikiwa zimebaki kilomita kama tatu, Allen alichomoka. Alishinda kwa saa 8, dakika 9 na sekunde 15, Scott akiwa nyuma yake kwa sekunde 58. Marathoni ya Allen siku ile, saa 2, dakika 40 na sekunde 4, ilibaki rekodi ya Kona hadi 2016, Mjerumani Patrick Lange alipoipunguza kwa sekunde 19. Miaka 27! Kwangu hakuna ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo kwamba mbio za polepole hujenga.

Kona ina adui wake wa pekee, nao ni joto. Barabara kuu ya Queen Ka'ahumanu hukatiza katikati ya mawe meusi ya volkano yanayolifyonza jua na kulirudisha. Wakimbiaji hujaza barafu kofiani na ndani ya nguo, hukamua sifongo kichwani, kwa sababu mwili uliopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wenyewe, upende usipende. Oktoba 2025 Lucy Charles-Barclay wa Uingereza na Taylor Knibb wa Marekani waliongoza mashindano ya wanawake kwa zamu, na wote wawili wakaishia njiani kwenye marathoni, Knibb akiwa amebakiza kilomita chache tu. Ushindi ukaenda kwa Solveig Løvseth wa Norway.

Je, wajua kwamba mwanamke aliyeshinda Kona mara nyingi kuliko wote alizaliwa Harare? Ni Paula Newby-Fraser, aliyekulia Afrika Kusini na baadaye akahamia Marekani. Ana mataji manane. Hata hivyo siku yake isiyosahaulika ni ile aliyoshindwa. Mwaka 1995 alikuwa mbele, Karen Smyers akimfukuza, naye kwa kuogopa kupoteza sekunde akavipita vituo vya mwisho bila kuchukua chochote. Mita mia chache kabla ya mstari mwili ukagoma. Smyers akampita. Paula akakaa barabarani, akavua viatu, akalala kwenye lami. Baada ya kama dakika 20 akainuka na kutembea pekupeku hadi mwisho, wa nne. Mwaka uliofuata alirudi na kulitwaa taji lake la nane.

Kabla yake kulikuwa na Julie Moss, Februari 1982, mwanafunzi aliyeingia mashindanoni kukusanya takwimu za utafiti wake wa chuo. Akiwa anaongoza, miguu ilimwishia mbele ya mstari. Kathleen McCartney akampita, naye Julie akatambaa kwa mikono na magoti, akamaliza sekunde 29 nyuma. Televisheni ya Marekani ilionyesha picha zile, na watu ambao hawakuwahi kusikia neno triathloni wakaanza kutafuta baiskeli.

Na wazee? Mjapani Hiromu Inada alifika mstarini mwaka 2015 akiwa na miaka 82, akachelewa sekunde chache tu baada ya ukomo wa saa 17, na jina lake halikuhesabiwa. Mwaka 2018, akiwa na miaka 85, alirudi Kona na kumaliza ndani ya muda. Sista Madonna Buder, mtawa Mkatoliki wa Marekani aliyeanza kukimbia akikaribia miaka 50, alimaliza triathloni ndefu nchini Kanada mwaka 2012 akiwa na miaka 82.

Je, wajua kasi imefika wapi sasa? Septemba 2025 mjini Nice, Ufaransa, Casper Stornes wa Norway alishinda ubingwa wa dunia kwa marathoni ya saa 2, dakika 29 na sekunde 25. Ni kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 32, baada ya kuogelea na kuendesha baiskeli milimani. Rekodi ya marathoni peke yake aliyoiweka marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya kule Chicago mwaka 2023 ilikuwa saa 2 na sekunde 35. Tofauti haifiki nusu saa.

Hadi leo hakuna Mkenya, Mtanzania wala Mwethiopia aliyewahi kushinda Kona. Miguu tunayo. Tunachokosa ni kuogelea, na baiskeli ambayo bei yake inaweza kununua gari. Hilo la pili ni gumu. La kwanza liko mikononi mwetu. Mwaka 2022 mashindano ya nusu ya masafa haya, ya kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 na mbio 21.1, yalifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, Rubavu, Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma. Ziwa lile, kama Victoria na Tanganyika, lina maelfu ya watoto wanaoishi kando yake na kukimbia kila siku kwenda shule. Walimu wa michezo wa Kisumu, Mwanza, Bukoba, Kigoma na Rubavu, wafundisheni kuogelea.