Ipimwe Kwanza Presha ya Petroli

Asubuhi moja ya baridi kali, watoto wakisubiri kupelekwa shule, gari langu lilikataa kuwaka hapa karibu na barabara ya Bailey. Fundi wa kwanza, pasipo kupima lolote, alisema pampu ya petroli imekufa. Nikalipa. Siku ya tatu gari likagoma tena.

Fundi wa pili alifunga geji kwenye reli ya petroli. Presha ilipanda vizuri, lakini injini ilipozimwa ikashuka upesi. Petroli ilikuwa ikivuja mahali. Akafungua plagi, moja ikatoka imelowa. Nozeli ya silinda ile ndiyo iliyokuwa ikidondosha.

Injini nyingi zenye nozeli kwenye njia ya hewa huhitaji paundi 40 hadi 60 hivi kwa inchi ya mraba. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Zile zinazopuliza petroli ndani ya silinda huweza kupita paundi 2,000, nazo msizifungue nyumbani.

Sheria ya jimbo la New York humruhusu mwenye gari kudai makadirio ya gharama kwa maandishi, na kurudishiwa vipuri vya zamani akiviomba kwa maandishi kabla ya kazi. Mimi sikuomba. Pampu yangu ya kwanza, ambayo huenda ilikuwa nzima, sikuiona tena.